Jua la Kuanikia

"Vuta, wifi! Unakamua nguo au unampa mgonjwa pole?"

Dobi akavuta. Ovaroli ilikuwa hewani katikati yao, yeye ameishika mabegani, wifi yake ameishika miguuni, kila mmoja akisokota kwa upande wake, mpaka kitambaa kile kizito cha bluu kikajikunja kama mzizi na maji yakawamwagikia miguuni. Wakaikung'uta mara moja, paa, kama kofi, wakaitupa kwenye beseni, wakainama kuchukua nyingine.

Mtu mmoja anaweza kufua ovaroli. Anaweza kuiloweka, kuitia magadi, kuisugua kwa brashi juu ya jiwe mpaka mafuta ya mashine yaachie. Lakini kuikamua ni kazi ya watu wawili, tena watu wawili wenye hasira sawasawa. Ndivyo alivyopenda kusema wifi mtu. Mmoja akimzidi mwenzake hasira, nguo inamfuata yeye, na maji yanabaki ndani.

"Leo hasira zako ziko wapi?" wifi aliuliza.

"Ziko kule." Dobi alielekeza kwa kidevu, ng'ambo ya uchochoro. "Zinapanda ngazi."

Ng'ambo ya uchochoro palikuwa na jengo. Zamani pale palikuwa na ghala la pamba, la kwenda mbele na si la kwenda juu, lenye mabati yaliyopinda na njiwa wasiohesabika. Kiwanda cha nguo kilipokufa, ghala lilibaki limekaa kama mjane asiyejua arudi kwa nani, hadi akatokea mwenye fedha zake akaliangusha. Sasa penye ghala pamesimama ghorofa, bado halijapigwa plasta, vyuma vimechomoza utosini kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Watoto wa mtaa walilipenda. Lilikuwa linawapa vumbi la kuchezea na mwangwi wa kuitana.

Lakini lilikuwa upande wa mashariki, na Dobi alikuwa mtu wa kuanika.

Ua wao ulikuwa mmoja, mrefu, kati ya safu mbili za vyumba vilivyojengwa enzi zile kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Bomba lilikuwa moja, choo kimoja, na milango ilitazamana hivi kwamba mtu akipiga chafya huku, anaombewa heri kule. Dobi na mumewe walikaa chumba cha mwisho. Wifi yake, yaani dada wa huyo mumewe, alikaa chumba cha mkabala pamoja na mume na watoto. Zamani jua likichomoza liliingia uani bila kubisha hodi. Siku hizi lilichelewa hadi karibu na adhuhuri, na likishafika halikai, kwa maana upande wa magharibi kulikuwa na kiwanda cha chuma, ukuta wake mrefu na moshi wake mzito. Kati ya ukuta huu na ule palibaki kipande cha jua chembamba kama sabuni iliyokwisha.

Na aliyekuwa akilijenga giza lile, tofali juu ya tofali, alikuwa mume wake mwenyewe.

Mtaani walimwita Timazi, kwa sababu ya ile timazi ya shaba, kipimo cha uzi cha kunyooshea ukuta, iliyokuwa haitoki mfukoni mwake hata siku ya mapumziko. Alikuwa mwashi. Hawezi kukalia kigoda kilichoinama, wala kula penye picha iliyokaa upande. Kiwanda cha nguo kilipofungwa alikaa nyumbani muda mrefu, mpaka akaanza kunyoosha viatu vya watu milangoni. Jengo lile ndilo lililomrudishia mgongo wake. Sasa utamwambia nini mtu aliyerudishiwa kazi? Jenga polepole?

Mwanzo alisema ni ghorofa nne basi. Ya nne ikaisha, vyuma bado vimesimama.

"Fundi," Dobi alimwuliza, "vile vyuma vya nini?"

"Vya tangi la maji."

"Tangi lenye vyumba na baraza?" wifi alidakia toka mlangoni kwake. "Kaka, hilo tangi linaoga lenyewe?"

Timazi aliinamisha kichwa akaendelea kula. Dobi alijua kuwa mumewe amejua tangu mwanzo kwamba litapita nne. Hakugombana naye. Alisogeza kamba zake kwa mara nyingine, karibu na choo, ambako jua lilikuwa linapita likiwa njiani kwenda kwa watu wengine.

Nguo alizofua zilikuwa za kiwanda cha chuma, za watu wa tanuri wanaoingia jioni na kutoka alfajiri. Asubuhi zinaletwa kwa mkokoteni zikiwa zinanuka jasho na grisi, na kabla zamu haijaingia zinachukuliwa safi. Aliyezileta na kuzichukua walimwita Bwana Stoo. Alikuwa mtu mpole mwenye kengele ya baiskeli aliyoifunga kwenye mpini wa mkokoteni, na alikuwa na tabia moja: hakugusa nguo kifuani wala mgongoni. Alitia mkono kwapani.

"Mbichi," alisema jioni ile.

"Kidogo tu, Bwana Stoo. Zitamalizikia mwilini."

"Mama, sikiliza." Alishusha sauti, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwaibisha mwenzake mbele ya watu. "Nguo mbichi mbele ya tanuri inatoa mvuke. Mtu anapikika ndani kama kiazi. Juzi ulinipa mbichi nikanyamaza. Leo tena. Wako wenye mashine za kukaushia, wananipigia simu kila siku mpaka mke wangu anauliza ni nani. Ya tatu sitaweza kuimeza."

Akaenda zake, kengele inalia.

Usiku haujaingia vizuri, Timazi akarudi, akanawa, akasikia habari. Alikaa akizungusha timazi kwenye uzi wake.

"Jua lipo," akasema. "Liko juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye zege la juu. Kote kweupe, upepo unapiga. Nitaongea na nyapara. Mwenye jengo haji ila mara mojamoja, na akija gari lake linasikika toka barabara kuu."

Hivyo ndivyo walivyoanza kupanda. Ngazi haikuwa na mkono wa kushikia. Dobi mbele, wifi nyuma, mabeseni kichwani, wakipita vyumba visivyo na milango ambamo siku moja watalala watu wasiowajua. Mafundi wakawapigia miluzi. Wifi akawajibu kwamba mwenye nguvu za kupiga mluzi ana nguvu za kubeba beseni, na kweli mmoja akabeba.

Kule juu Dobi alisimama akashangaa. Hakuwahi kuuona mtaa wao kwa juu. Aliona mabati yenye kutu yaliyowekewa mawe yasipeperuke, mabomba ya moshi ya viwanda, mengine yanatoa na mengine yamekufa, na mashimo mapya huku na huku ambamo majengo mengine yalikuwa yanang'olewa ili mengine yapandwe. Ua wao ulikuwa ufa tu, ufa mweusi wenye maji chini. Alianika. Alipofika kwenye ovaroli ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imeshaanza kutoa ile sauti ya ukavu, kama mtu anayekunja gazeti.

"Kumbe jua halikufa," wifi alisema. "Limehamia ghorofani. Kama walivyofanya matajiri wote."

Walicheka hadi wakakaa chini. Bwana Stoo alitia mkono kwapani jioni ile, akautoa, akautazama kana kwamba umerudi na zawadi.

Mambo yakaenda hivyo kwa muda, na kama yangeendelea kuwa hivyo pasingekuwa na kisa.

Siku iliyoharibika, wifi alikuwa chini akisuuza fungu la pili, na Dobi yuko juu peke yake na fungu la kwanza, nguo bado zinatona. Mafundi walikuwa wanapandisha saruji kwa kamba na kapi. Mfuko ulipofika usawa wa zege ulikwaruzwa na chuma, ukapasuka tumbo. Upepo ulikuwa unangoja. Wingu la kijivu lilinyanyuka, likasimama kidogo kama linalochagua pa kwenda, likaja kulala juu ya kamba.

Dobi alipofumbua macho, ovaroli zake zote zilikuwa na rangi moja, rangi ya jengo.

Timazi alikuja mbio, mwiko mkononi. Wakazikung'uta pamoja, yeye huku mkewe kule, mpaka wakakohoa. Sehemu kubwa ya saruji ilitoka. Iliyobaki ilikuwa imeingia kwenye mishono, chini ya kola, kwenye mapindo ya mikono, pale kitambaa kinapolala juu ya kitambaa na unyevu unakawia. Dobi alipitisha kidole chini ya kola moja. Kilitoka na tope laini, kama unga kwenye mkono uliolowa.

"Hizi nizishushe," alisema. "Nizisuuze upya."

"Halafu uzianike wapi? Tazama jua lilipo."

Alitazama. Jua lilikuwa limeshavuka nusu, linaelekea kwenye moshi.

"Ni vumbi tu," Timazi alisema. "Sisi tunalila kila siku. Limetuua?"

Alimwonyesha viganja. Dobi aliviona viganja vile, vilivyopasuka kama ardhi ya kiangazi, vyenye nyufa ambazo mafuta hayazijazi. Alivijua vizuri, ndivyo vilivyomshika kila siku. Akavitazama, na akakubali kutokuviona. Chini, mbali, kengele ya mkokoteni ikalia. Bwana Stoo alikuwa amewahi.

Akazianika tena zikamalizia kukauka, Bwana Stoo akisubiri chini. Akageuza kola nje, akazifuta kwa kiganja, akazikunja vizuri kuliko siku zote. Wifi alipompokea mabeseni mlangoni aliuliza mbona kichwa kimekuwa na mvi ghafla. Dobi alijibu, "Vumbi la kaka yako," wakacheka, na nguo zikaenda.

Jioni ile viganja vyake vilimbana. Vikawasha, halafu vikakauka, ngozi ikawa inavutika kama iliyoshonwa fupi. Alipaka mafuta. Akapaka tena. Mara ya tatu alibaki ameshika chupa hewani, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba saruji ikilowa hula ngozi. Watu wa zamu walikuwa wameshaingia. Walikuwa mbele ya tanuri muda ule, wanatoka jasho.

Mume wa wifi alikuwa mmoja wao. Walimwita Makaa, kwa kazi yake na kwa weusi wake na kwa ucheshi wake ambao hauzimiki. Kwa Timazi alikuwa shemeji, na Dobi naye alimwita hivyo hivyo. Asubuhi Makaa aliingia uani akitembea miguu imeachana, kama mtu aliyepanda ng'ombe.

"Jamani, njooni mnione," aliita. "Nimerudi kutoka jandoni mara ya pili."

Watu walicheka. Lakini alipovua shati, kicheko kikakatika. Shingo yote ilikuwa nyekundu, mstari mmoja pale kola inapokaa. Viwiko hivyo hivyo, na kwapani, na magoti, na kwingine ambako alimwonyesha mkewe tu. Hadi adhuhuri ile nyekundu ilikuwa imegeuka kijivu, ngozi imevimba na kuchubuka. Wenzake wa zamu, wale waliovaa nguo za fungu la kwanza, walikuwa vivyo hivyo kila mmoja nyumbani kwake.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," Makaa alisema akiwa amelala kifudifudi, mkewe akimpaka mafuta ya mgando. "Mimi nimepekua zote, sioni hata chawa mmoja."

Alikuwa anatania. Dobi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, alikiweka chini kabla hakijamponyoka.

Tabibu wa kiwanda aliwakagua kwa mbali, kila mmoja akiwa amesimama kizingitini. Alisema ni maradhi ya ngozi ya kuambukiza, yameletwa na mmoja wao kutoka nyumbani kwake. Wakae makwao mpaka ngozi ifunge, wasiguse mtu. Nafasi zao wakapewa waliokuwa wakisubiri getini, maana getini hapakosi wanaosubiri.

Hapo ndipo ua ulipobadilika. Wifi alimtengea mumewe sahani, kikombe na jamvi. Watoto walihamia kulala chumbani kwa Dobi. Yule mdogo wa mwisho, aliyezoea kupanda mabega ya baba yake kama ngazi, alimkimbilia siku moja akapigwa kofi na mama yake kabla hajafika, kisha mama mwenyewe akalia kuliko mtoto. Majirani nao hawakukaa nyuma. Wifi akishachota maji, wanaomfuatia walisugua koki ya bomba kwa majivu kabla ya kuishika, yeye akiwa bado hajafika mbali. Kinyozi wa kona alimwambia Makaa kwamba mkasi umepotea. Makaa akamwambia upo mkononi mwake. Kinyozi akasema huo ni mwingine.

Makaa aliendelea kutania kwa muda. Halafu akaacha. Alikaa kwenye kiti mlangoni kwake, shuka kiunoni, shingo ameinyoosha isiguse kitu, akitazama watoto wakicheza kwenye mlango wa watu wengine.

Dobi aliongea na mumewe chumbani, kwa kunong'ona, watoto wa watu wamelala miguuni pao.

"Lazima tuseme."

"Useme kwa nani?" Timazi aliuliza. "Kwa tabibu? Atamwambia meneja, meneja atamwuliza Bwana Stoo, Bwana Stoo atauliza nguo zilianikwa wapi. Nyapara alinifungulia ngazi kwa siri. Tunaanguka wewe, mimi, na nyapara na watoto wake."

"Na shemeji?"

"Ngozi huota."

"Na hawa?" Alionyesha miguuni. "Jana huyu mdogo kaniuliza baba yake atakufa lini."

Mumewe alitoa timazi mfukoni, akaishusha kwenye uzi, akaitazama ikitulia gizani. Dobi alimsikia akipumua. Hakumchukia. Alimkumbuka alivyokuwa akinyoosha viatu milangoni, na alijua kwamba mtu aliyewahi kukaa hivyo anaweza kufanya mengi ili asirudi kukaa. Na tena, si yeye aliyezikunja zile nguo.

Siku zikapita. Kazi haikusimama. Ovaroli za wale wapya zilikuja, zikafuliwa, zikakamuliwa, zikapandishwa juu, na sasa Dobi alikagua kila kola kama anayetafuta mwiba. Hata hivyo kila aliposhika ncha moja na wifi ncha nyingine, alihisi kuna kitu kinamsokota yeye, si nguo.

Asubuhi moja walikuwa wanakamua, na wifi hakuwa na utani. Alisokota muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Nimetuma habari kwa wakwe zangu. Watakuja kumchukua. Wana kibanda nyuma ya nyumba, atakaa humo peke yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone. Kama atapona." Akasokota tena. "Watu wa ua wamesema ama atoke yeye ama tutoke sote. Na mimi, wifi, nakwambia wewe tu, mimi mwenyewe namwogopa. Mume wangu. Namsogezea sahani kwa mguu."

Dobi aliachia mabega ya nguo. Ovaroli ikaanguka kwenye tope, upande wake mmoja, wifi bado ameshika miguu.

"Si ugonjwa," alisema.

"Nini?"

"Alichonacho shemeji. Si ugonjwa, wala hakiambukizi. Ni saruji. Siku ile mfuko ulipasuka juu, ukamwagikia nguo mbichi. Nilizikung'uta, haikutoka yote. Nikazikunja nikampa Bwana Stoo. Nilisema nizisuuze, nikaona jua limekwisha."

Wifi alimtazama. Maji yalikuwa yanatona kutoka kwenye miguu ya ile nguo, taratibu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jioni ile ile."

"Nilipompiga mwanangu ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Walipokuwa wanasugua bomba nyuma yangu kwa majivu."

"Nilijua, wifi."

"Usiniite hivyo sasa hivi."

Hakupiga kelele. Dobi angependelea apige. Aliilaza ile miguu ya ovaroli juu ya jiwe vizuri, kama anayelaza mtoto, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda. Kupitia mlango uliokuwa wazi Dobi alimwona akimchukua yule mdogo kwenye kizingiti cha jirani, akambeba juujuu, akamweka mapajani mwa baba yake. Makaa alirudisha mikono nyuma kwa woga, asimguse. Mkewe akaivuta ile mikono akaizungusha kwenye kiuno cha mtoto. Halafu akafunga mlango.

Dobi aliokota ovaroli kwenye tope. Akaisuuza. Alijaribu kuikamua peke yake kwa kuizungusha kwenye nguzo ya kamba, akavuta mpaka mabega yakalia, lakini nguzo haina hasira na maji yalibaki ndani. Hakupanda juu. Alianika pale pale uani, kwenye ufa, nguo nzito zikining'inia kivulini na kutona moja baada ya nyingine. Kipande cha jua kilikuja, kikapita karibu na choo, kikaenda. Kule juu alisikia mwiko ukigonga tofali, tak, tak, na kimya, na tak. Alizijua tak zile. Angeweza kuzitambua kati ya waashi mia.

Kengele ikalia. Bwana Stoo akaingia, akatia mkono kwapani mwa nguo ya kwanza. Akaenda ya pili. Ya tatu hakuigusa.

"Mama."

"Mbichi, Bwana Stoo. Zote. Na nyingine bado ziko kwenye pipa."

"Huko ulikokuwa unaanikia kumefungwa?"

"Hakujafungwa."

Alimtazama, akamtazama tena, akakosa la kumsoma usoni. "Leo wataingia na za akiba za stoo, kuukuu," akasema mwishowe. "Hizi utazimalizia, nitazifuata. Lakini baada ya hizi, mama, unajua."

"Najua."

Aligeuza mkokoteni mtupu. Kwa mara ya kwanza alishika kengele kwa kidole isilie.

Mlango wa wifi ulifunguliwa. Makaa alitoka amejifunga shuka, akitembea kwa kuachanisha miguu, mtoto amemng'ang'ania upande usio na kidonda. Watu wa ua walirudi nyuma hatua, kwa mazoea. Alisimama mbele ya Dobi.

"Shemeji. Ni kweli haya?"

"Ni kweli."

Alijaribu kucheka, shingo ikamkataza. "Basi mimi ni ukuta," alisema. "Mmenipiga plasta. Mngenipaka na rangi basi, nikawa wa kisasa."

Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja, kati ya wale waliosugua bomba kwa majivu, alitazama mikono yake.

"Kesho asubuhi tunakwenda kiwandani, mimi na wewe," Makaa akaendelea, na sasa hakuwa anatania. "Tabibu atasikia kwa mdomo wako, si kwangu. Akisikia kwangu atasema ni homa. Na wenzangu wote wako majumbani wametengwa, nao wasikie."

"Nitakuja."

"Na fundi?"

Wote wakatazama juu. Ule mlio ulikuwa umenyamaza. Timazi alikuwa amesimama ukingoni mwa zege, mweusi mbele ya mwanga, kamba yake ya kunyooshea tofali mkononi. Haikuonekana kama anawatazama wao au kazi yake. Baada ya kitambo aliinama, na tak ikasikika tena.

"Fundi sijui," Dobi alisema. "Mimi nitakuja."

Makaa aliitikia kwa macho, akarudi kwenye kiti chake. Mtoto hakushuka.

Mwanga ulikuwa unakwisha. Dobi aliinama kwenye pipa akavuta ovaroli iliyojaa maji, nzito kama mtu aliyezirai. Alikuwa anaipeleka kwenye nguzo alipohisi uzito umepungua. Wifi alikuwa ameshika miguu.

"Shika," alisema wifi. Hakumwangalia.

Wakasokota. Wifi alivuta kwa nguvu zake zote, meno yamekazana, na nguo ikamfuata yeye, ikageuka yote upande wake, mpaka Dobi akaburutwa hatua moja kwenye tope. Maji hayakutoka ila kidogo. Wakaifungua, wakaanza upya. Ikamfuata tena. Wala wifi hakulegeza, wala Dobi hakumwambia alegeze. Walitundika ovaroli ile ikiwa bado inatiririka, wakachukua nyingine, nayo ikawa vile vile.

Giza lilipofika mikononi mwao waliacha. Pipa lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Dobi alizididimiza zilizobaki chini ya maji, akaweka jiwe la kufulia juu yake zisielee, akafunika kwa bati. Wifi alikuwa ameshaingia ndani. Juu ya jengo Timazi alikuwa anakusanya vifaa vyake kwenye karai, kimoja kimoja, bila haraka, na ngazi ya kushukia ilikuwa ndefu.